Msamaha wa Kitalu cha Fredy

Kahawa iliposhuka bei hadi watu wa Kibosho wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya mahali pake, Fredy alimwambia baba yake, Thadeus, kwamba anashuka nyikani kuchimba mawe. Alimwambia jioni, zizini, Thadeus akiwa anakamua. Mzee aliendelea kukamua mpaka ndoo ilipojaa.

"Mawe gani?"

"Ya kijani, baba. Yale wanayoweka kwenye pete. Yako kule chini ya Sanya Juu, mahali panaitwa Engusoro. Ardhi ni ya serikali, mtu anapimiwa kitalu chake, anachimba."

"Unapimiwa bure?"

Fredy akamweleza. Mwenye kitalu hulipa ada kila mwaka, lakini mchimbaji mdogo mwenye kitalu kimoja tu, anayekichimba kwa mikono yake, anaruhusiwa kuomba msamaha wa ada hiyo. Sharti ni kwamba kazi isisimame. Mwaka ukipita bila sururu kugusa ardhi, msamaha unafutwa, na kitalu kinarudi serikalini apewe mwingine.

Thadeus hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kihamba, wa migomba na kahawa aliyoachiwa na baba yake, na mashimo aliyojua kuchimba yalikuwa ya kupandia migomba na ya kuzikia watu. Lakini mibuni ilikuwa haileti tena karo za wadogo zake Fredy, na kijana alikuwa ameshatimiza miaka ishirini na miwili. Angemzuia kwa lipi? Akamwambia, "Nenda. Krismasi uwe hapa."

Fredy hakutajirika. Yale mawe yalitoka madogo madogo, ya kununulia sukari, kitenge cha mama, daftari za wadogo zake. Ila kila Krismasi alipanda nyumbani, na mwaka wa pili alikuja na mwenzake wa kazi, kijana mrefu mwembamba asiyeishiwa na maneno, ambaye machimboni walimwita Singida kwa sababu ndiko alikotoka. Dominika, mama yake Fredy, alimpakulia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, mpaka akasema anashindwa kuinuka. Alimwita Dominika "mama" tangu alipoingia mlangoni. Aliondoka na Fredy baada ya sikukuu, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina alilopewa na wazazi wake.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha nyikani kuliko watu walivyozoea. Asubuhi moja alifika Kibosho mtu mwenye matope hadi magotini, akasimama uani bila kubisha hodi. Ni Ebenezeri, Mmachame aliyekuwa na kitalu jirani na cha Fredy. Dominika alimwangalia usoni, akaketi chini palepale alipokuwa amesimama.

Shimo lilikuwa limeporomoka Fredy na Singida wakiwa ndani.

Thadeus alishuka na wanaume wa ukoo, na sururu na makoleo, wakachimba pamoja na watu wa Engusoro. Kila walipotoa kifusi kingine kiliteremka. Ukuta ukaanguka mara ya pili na kumvunja mtu mguu. Hapo wachimbaji wenye uzoefu wakaweka vifaa chini. Ebenezeri ndiye aliyekuja kumshika Thadeus mkono.

"Meku, mzee wangu," alisema, "mwamba bado unatembea. Tukiendelea tutawaongezea wenzao."

"Nitamwambia nini mama yake?"

Ebenezeri alimwachia mkono, akaenda kutafuta miti. Wakafunga miti miwili kwa kamba, wakasimamisha msalaba juu ya kifusi, wakapanda lori kurudi.

Kule mlimani mtu huzikwa kihambani kwake, katikati ya migomba, karibu na babu zake, ili watoto wapite hapo kila siku wakienda kukata majani ya ng'ombe. Misa ilisomwa bila jeneza. Waombolezaji walikaa siku zao, wakaondoka, lakini Dominika aliendelea kulala chini kwenye mkeka sebuleni. Thadeus alipomwomba arudi kitandani, alimjibu bila ukali.

"Baba Fredy, msiba unaisha maiti ikishazikwa. Huyu wetu bado yuko njiani."

Kabla mwaka haujaisha, Ebenezeri alileta habari nyingine. Watu walikuwa wameanza kuulizia kitalu cha Fredy. Shimo lililoua huwa linasemwa kwamba lina mali, na kazi ilikuwa imesimama tangu masika.

Thadeus alivaa koti lake la kanisani akateremka Moshi, kwenye ofisi ya madini. Alipokewa na mama mmoja wa makamo, Gladys, ambaye aliinuka kitini alipomwona mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kitalu kinaweza kuandikwa kwa jina la Thadeus, yeye ndiye mrithi, hilo halina taabu. Taabu ni ada.

"Mimi sitaki mawe," Thadeus alisema. "Nataka pasiguswe. Lile ni kaburi."

"Naelewa, mzee wangu. Lakini kwa serikali pale ni kitalu. Ingekuwa shamba lako ungejenga hata ukuta. Ardhi ile ni ya umma, anayeishika ni yule anayeichimba au anayelipa."

"Kulipa siwezi."

"Basi omba msamaha, kama alivyofanya marehemu. Utapewa. Ila lazima uchimbe, na mkaguzi akija aone kazi."

Thadeus aliiweka kofia yake magotini. "Yaani ili mwanangu asichimbwe," alisema, "nimchimbe mimi."

Gladys aliinamisha macho. "Kitalu ni kipana, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna kanuni inayosema uchimbe upande gani."

Aliporudi nyumbani na kumsimulia mkewe, Dominika aliuliza jambo moja tu. "Msamaha? Tumekosa nini sisi, hata tuwaombe msamaha?"

"Ndivyo wanavyouita."

"Haya. Nenda kauombe."

Hivyo mkulima wa kahawa, aliyekwisha kupita miaka sitini, akawa mchimbaji. Kila baada ya mavuno na kila kazi za kihambani zilipolegea, alibeba ndizi zake na gunia la nguo, akashuka Engusoro, akalala kwenye kibanda cha Ebenezeri. Alianza kuchimba pembeni kabisa, upande wa mashariki, mbali na kifusi, mahali ambapo kila mtu alijua hapana kitu ila udongo mwekundu na mawe ya kujengea. Jua la nyikani lilimchubua shingo. Vijana wa machimboni waliokuwa wakipita hawakumcheka. Walimwamkia shikamoo, na mara nyingine mmoja wao alishuka kwenye mtaro wake bila kusema neno, akamsaidia hadi jasho limtoke, akaenda zake.

Jioni, kabla ya kuoga, alikwenda kusimama kwenye ule msalaba wa miti. Hakuwa mtu wa maneno. Alimpa Fredy habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, mdogo wako amefaulu, mama yako anakusalimu. Akageuka kidogo akamsalimu na Singida pia, maana aliona si adabu kuzungumza na mmoja na kumwacha mwenzake.

Mkaguzi alikuja, akautazama ule mtaro usio na maana yoyote, akamtazama mzee, akaandika kwamba kazi imefanyika. Msamaha ukatoka. Mwaka uliofuata ukatoka tena.

Mara moja Dominika aliomba kwenda naye. Alifika amefunga kichwa kwa kitambaa cheusi, akiwa na kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye bakuli lililofunikwa. Thadeus alimwonyesha mahali. Alikaa kwenye ukingo wa kifusi, akafunua bakuli akaliweka pembeni, kisha akainama na kuita, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia mtoto aje kula.

"Fredy. Fredy, we."

Sururu za vitalu jirani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Dominika alisubiri kama mtu anayetegemea kuitikiwa. Ebenezeri aligeukia upande mwingine akafuta uso kwa kiganja. Ndipo Thadeus akamwinua mkewe kwa kumshika mabegani, na hakuna aliyekigusa kile kiburu mpaka walipoondoka.

Mwaka wa tatu kifua kilimkamata Thadeus. Vumbi la Engusoro lilikuwa limempata taratibu, na baridi ya Kibosho ikamzidishia. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na hata aliporudi nyumbani hakuweza kutembea toka kitandani hadi zizini bila kushika ukuta. Kila alipopata nguvu ya kusema, alisema habari za mtaro.

"Nitakwenda mimi," Dominika alimwambia siku moja.

"Na mimi nani ataniangalia?"

Alilisema bila kufikiri, kwa woga wa mgonjwa. Dominika alisimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Kisha akaja akakaa kando ya kitanda, akaanza kumnywesha. Miezi ilipita, mvua za vuli zikapita, na sururu ya Thadeus ikashika kutu kibandani kwa Ebenezeri.

Thadeus alipoweza kuteremka Moshi, Gladys alimwona tangu mlangoni na uso wake ukabadilika.

"Mzee, ningeweza kuandika uongo ningeuandika," alisema. "Mkaguzi mpya alikuta majani yameota. Msamaha umefutwa. Kitalu kimeombwa na kimeshatolewa."

Kwa nani? Kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, Jesse, mwenye mashine. Thadeus alishukuru kwa kuambiwa ukweli. Alitoka nje, akashindwa kukumbuka kituo cha magari ya Kibosho kiko upande gani, akasimama barabarani mpaka muuza magazeti akamshika mkono.

Nyumbani hakulaumiwa. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Dominika alisikiliza, akaendelea kumenya ndizi, na alipomaliza akasema, "Nilikuwa na wawili wa kuwaangalia, nikamchagua aliye hai. Fredy ananijua, atanielewa." Usiku huo, kwa mara ya kwanza, Thadeus ndiye aliyelala kwenye mkeka.

Kulipokucha alikwenda mpakani mwa kihamba akakata jani la isale. Watu wa mlimani wanalipanda mipakani na makaburini, na mtu akiwa na ombi zito hulifunga fundo akampelekea anayemwomba, na anayelipokea hawezi kulikataa kirahisi. Alilificha ndani ya koti akaenda nalo dukani kwa Jesse.

Jesse alikuwa Mmachame, mwenye umri wa kuweza kuwa mwanawe. Alipoona lile jani juu ya meza yake, kati ya simu na kikokotoo, alivua miwani.

"Mzee, mbona unanifanyia hivi?"

"Usimchimbe mtoto wangu."

"Nimekopa mashine. Nisipochimba nimekwisha, mimi na watoto wangu." Alilichukua jani, akaligeuzageuza. Hakumrudishia. "Sikiliza. Kuchimba nitachimba. Lakini tukifika pale penye kifusi nitasimamisha kazi nikuite. Mashine inaweza kupanua kutoka ubavuni mahali mikono yenu ilishindwa. Kama yupo, utampata. Umchukue ukamzike."

Kwa miaka yote ile Thadeus alikuwa akipigana pasiguswe, na sasa mtu aliyempokonya alikuwa akimwahidi kile ambacho mkewe alikuwa akikiomba kila alipopiga magoti. Alitaka kumchukia akakosa pa kuanzia.

Jesse alitimiza ahadi. Kiangazi kilipokaribia kwisha alituma gari Kibosho. Thadeus na Dominika walifika Engusoro wakakuta katapila limezimwa, vijana wamevua kofia, na turubai limetandazwa kivulini. Juu yake palikuwa na kipande cha kamba ya katani, viatu vya mpira visivyotimia, na mifupa.

"Walikuwa pamoja, mama," dereva wa mashine alisema. "Wamelaliana. Sikuwaona mpaka kijiko cha mashine kilipokwisha kubeba. Nisamehe, mama yangu. Kijiko kimewachanganya."

Polisi walikuja, mifupa ikapelekwa hospitali ya Mawenzi. Daktari alichukua muda wake, kisha akawaita wazazi ndani na kuwavutia viti.

"Hawa ni vijana wawili, wote wanaume, karibu umri mmoja. Mifupa mingi imevunjikavunjika. Mwanenu aliwahi kuumia mahali? Kuvunjika mkono, mguu, jino kung'olewa?"

Thadeus alimtazama mkewe. Alijaribu kukumbuka, akatamani kwa moyo wake wote Fredy angewahi kuanguka kwenye mti utotoni.

"Hapana, daktari," Dominika alijibu. "Alikuwa mtoto mwenye afya."

Daktari alisema kwamba basi, kwa uwezo uliopo, hawezi kuwatenganisha.

Ndugu walipokusanyika, Melkior, kaka mkubwa wa Thadeus, alisimama uani akasema kile ambacho wengine walikuwa wakikinong'ona. Ukoo haujawahi kumlaza mgeni kihambani. Huyu kijana haijulikani ametokea kwa nani. Atalalaje na baba zetu?

Dominika alitoka jikoni. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wanaume wa ukoo.

"Shemeji," alisema, "sanduku liko sebuleni. Ingia unichagulie mfupa wa Fredy uko wapi, na ule usio wake nitaurudisha nyikani mimi mwenyewe kwa miguu yangu."

Melkior akavua koti, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaenda kuanza kuchimba. Wakazikwa wote wawili katika sanduku moja, chini ya migomba. Padri alipouliza ataje majina gani, Thadeus alijibu, "Fredy na mwenzake." Usiku huo Dominika alirudi kulala kitandani, na Thadeus alimsikia akilia kwa sauti, kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu Ebenezeri aliposimama uani.

Hapo pangetosha. Hata Thadeus alidhani pametosha.

Lakini habari zilisafiri na wachimbaji, kama zinavyosafiri, na mwaka uliofuata alikuja mwanamke wa makamo, amejitanda khanga, amechoka kwa safari, akiulizia kwa mzee Thadeus. Aliitwa Mwanaidi. Alikuwa ametoka Singida.

"Nimeambiwa mdogo wangu yuko hapa," alisema baada ya kunyweshwa maji. "Jumanne."

Ndivyo walivyolijua jina lake.

Dominika alimpeleka kihambani, Thadeus akafuata nyuma. Mwanaidi alilitazama kaburi, akautazama msalaba.

"Alisomewa nini?"

"Misa," Thadeus alijibu. Ndipo alipoelewa. "Hatukujua, mwanangu. Hatukumuuliza."

Mwanaidi aliitikia kwa kichwa. Hakuonyesha hasira. Alivua viatu, akanyoosha viganja, akamsomea nduguye dua kwa sauti ya chini, na Dominika akajifunika kichwa akasimama kando yake mpaka mwisho. Kisha mgeni alifungua mfuko wake akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa sanda.

"Nimekuja kumchukua," alisema. "Nionyesheni amelala upande gani."

Thadeus alitaka kusema yeye, kwa kuwa aliona jambo hilo lisimwangukie mkewe. Dominika akamtangulia. Alimshika yule mwanamke mikono yote miwili, sanda ikiwa katikati yao, akamweleza yote, tangu kijiko cha katapila hadi maneno ya daktari. Hakumficha kitu. Mwanaidi alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu, kama anayeambiwa jambo la mtu mwingine. Aliuliza mara moja tu, "Hata kidogo? Hata mkono?" Dominika akasema, "Hata mkono, dada yangu."

Alikaa nao siku mbili. Alisaidia jikoni, alikata majani ya ng'ombe, na Thadeus akamleta fundi aandike jina la Jumanne na kuliweka pembeni ya jina la Fredy, sawasawa, bila msalaba upande wake. Sanda Mwanaidi aliikunja tena akairudisha mfukoni.

Dominika ndiye aliyemsindikiza mpaka stendi ya Moshi. Alirudi alasiri, akaingia zizini ambako Thadeus alikuwa akimwekea ng'ombe majani, akaegemea nguzo. Miguu yake ilikuwa na vumbi na alionekana mzee kuliko alivyoondoka asubuhi.

"Amepanda basi salama?" Thadeus aliuliza.

"Amepanda."

Ng'ombe aliendelea kutafuna kati yao.

"Mama yao yu hai, Baba Fredy," alisema. "Hakuja na mwanawe kwa sababu miguu haimbebi. Ndiye aliyeinunua ile sanda. Ameweka mtu barabarani kuangalia mabasi, anamngoja Mwanaidi amletee Jumanne."

Thadeus aliweka chini mzigo wa majani.

"Atamwambia nini?"

"Ndivyo alivyoniuliza," Dominika alisema. "Njia nzima aliniuliza hivyo, na mimi sikuwa na jibu la kumpa."